Familia ya Arusha Kwenye Bustani za Burudani za Dubai na Abu Dhabi: Mwongozo wa Bajeti na Maandalizi

Tiketi ya getini ndiyo sehemu ya safari inayozungumzwa zaidi nyumbani, na mara nyingi ni sehemu ndogo ya gharama yote. Familia ya watu wanne inayotoka Themi, Arusha, kwenda bustani za burudani za Dubai au Abu Dhabi hutumia fedha nyingi zaidi kwenye nauli, viza, malazi na chakula. Ndiyo maana bajeti ya safari hii haianzi na swali la bustani ipi. Inaanza na maswali matatu: kiasi gani kinaweza kutengwa bila kugusa ada za shule, nani hana pasipoti, na watoto wako likizo miezi gani.

Kanuni inayobeba mwongozo huu ni moja: fedha itoke kwa kufuata hatari. Kinachoweza kukataliwa kishughulikiwe kwanza, na kinachopatikana siku yoyote kilipiwe mwisho. Pasipoti inaweza kukwama kwa sababu ya herufi moja, na viza inaweza kukataliwa bila maelezo. Tiketi ya bustani hupatikana hata jana yake usiku. Familia nyingi hufuata mpangilio uliogeuzwa: hudaka punguzo la tiketi na hoteli kwenye simu, kisha hugundua kwamba mtoto wa mwisho hana hata cheti cha kuzaliwa.

1. KUCHAGUA UKUBWA WA SAFARI

Safari ya kwanza ya nje si lazima iwe ya mbali. Kabla ya kuamua, ngazi nne zilinganishwe.

Ngazi ya kwanza: Dar es Salaam. Kunduchi kuna bustani ya michezo ya maji, Wet 'n' Wild. Haihitaji pasipoti wala fedha za kigeni. Inafaa kujaribia kama watoto wanavumilia foleni, jua na siku nzima ya kutembea.

Ngazi ya pili: Mombasa. Bustani ya maji ya Wild Waters iko Nyali. Kutoka Arusha njia ya barabara hupita Moshi, Holili, Taveta na Voi. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, lakini hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano viwe mkononi.

Ngazi ya tatu: Dubai na Abu Dhabi. Hapa pana bustani kubwa zisizo mbali sana na Afrika Mashariki. Viza inahitajika, ila huombwa kwa mtandao kupitia wakala, hoteli au shirika la ndege.

Ngazi ya nne: Ulaya, kwa mfano Disneyland Paris. Viza ya Schengen humlazimu mwombaji kufika Dar es Salaam kwa miadi, kuonyesha taarifa za benki na kuwa na bima ya afya ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 na ya mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni yuro 45 tangu Juni 2024, na hairudishwi viza ikikataliwa.

Mwongozo huu unashughulikia ngazi ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayowezekana kwa familia yenye kipato cha kati iliyojipanga mwaka mmoja hadi miwili. Hatua nyingi zilizoelezwa zinafaa pia kwa ngazi nyingine.

2. KUCHAGUA WAKATI

Kalenda ya shule za Tanzania inaacha nafasi mbili kubwa: likizo ya Juni na likizo ya Desemba. Kila moja ina bei yake na hali yake ya hewa.

Juni. Arusha ni baridi na watoto wamevaa masweta. Dubai joto hupita nyuzi 40. Kwa sababu hiyo hoteli nyingi hushusha bei, na safari inawezekana iwapo bustani zitakazochaguliwa ziko ndani ya jengo. Bustani za maji zilizo wazi zitembelewe asubuhi tu.

Desemba. Hali ya hewa ni nzuri, lakini kuanzia wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya nauli na vyumba hupanda sana. Nafuu iko nusu ya kwanza ya mwezi, mara shule zinapofungwa. Tarehe 2 na 3 Desemba ziepukwe: Umoja wa Falme za Kiarabu huadhimisha kuundwa kwake mwaka 1971, na bustani hujaa wenyeji.

Familia zinazoishi kwa utalii zina kikwazo cha ziada. Dereva au mwongoza wageni hapati likizo kirahisi msimu wa wageni unapokolea kuanzia Juni, na Aprili na Mei, mvua za masika zinapompa nafasi, watoto wako darasani. Kwa familia kama hiyo mwanzo wa Desemba ndio mwanya, kabla ya wageni wa Krismasi kuanza kushuka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA).

Mambo mengine mawili yaangaliwe. Mwezi wa Ramadhani saa za bustani na migahawa hubadilika. Pia tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki katika Falme za Kiarabu ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi za serikali hufunga mchana. Siku za bustani zipangwe Jumatatu hadi Alhamisi, foleni zikiwa fupi.

3. KUKADIRIA GHARAMA

Hatua ya kwanza ya hesabu ni kuweka ukomo. Ukomo ni kiasi ambacho familia haitakivuka hata kama bustani ya tatu ina punguzo. Hupatikana kwa kutoa kwanza vitu vitatu kwenye kipato cha kipindi cha kuweka akiba: matumizi ya nyumbani, ada na mahitaji ya shule ya Januari inayofuata, na akiba ya dharura ya ugonjwa au msiba. Kinachobaki ndicho kinachoweza kusafiri. Safari ya Desemba ikilipwa kwa fedha ya ada, Januari itadai.

Hatua ya pili ni kuhesabu kwa sarafu ya huko. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu 1997, kwa kiwango cha dirhamu 3.6725 kwa dola moja. Hivyo bei za Dubai kwa dola haziyumbishwi na soko la fedha. Kinachoyumba ni shilingi. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, kisha mwishoni mwa mwaka ikashuka chini ya 2,500. Familia iliyopanga kwa kiwango cha chini na kulipa kwa kiwango cha juu ingejikuta imepungukiwa kwa kiasi cha nauli ya mtoto.

KISANDUKU 1: MFANO WA HESABU

Watu wazima wawili, mtoto wa miaka 11 na wa miaka 6. Usiku tano, siku mbili za bustani. Isipokuwa ada ya pasipoti, namba ni za kufundishia tu. Kila mstari ubadilishwe kwa bei iliyopatikana siku ya kupanga. Dirhamu moja imekadiriwa kwa shilingi 700.

- Nauli ya ndege: 4 × 2,200 = dirhamu 8,800
- Viza: 4 × 400 = dirhamu 1,600
- Hoteli: usiku 5 × 400 = dirhamu 2,000
- Tiketi za bustani: siku 2 × watu 4 × 300 = dirhamu 2,400
- Chakula na maji: siku 6 × 250 = dirhamu 1,500
- Usafiri wa ndani: dirhamu 600
- Bima ya safari: 4 × 100 = dirhamu 400
- Kwenda na kurudi KIA, na chanjo: dirhamu 400
- Jumla ndogo: dirhamu 17,700
- Akiba ya dharura, asilimia 10: dirhamu 1,770
- Jumla: dirhamu 19,470, sawa na shilingi 13,629,000
- Pasipoti mpya nne, kila moja shilingi 150,000: shilingi 600,000
- Jumla kuu: shilingi 14,229,000

Katika mfano huu nauli inakaribia nusu ya gharama zote za safari, na tiketi za bustani ni kama moja ya nane. Kwa hiyo punguzo la kuhangaikia ni la nauli. Kusogeza safari kwa siku tatu kunaweza kuokoa kuliko kuponi yoyote ya bustani.

Mistari miwili husahaulika. Wa kwanza ni tozo za hoteli. Bei inayoonekana mwanzoni huenda haijajumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, tozo ya huduma, ada ya manispaa na tozo ya utalii ya Dubai, ambayo ni kati ya dirhamu 7 na 20 kwa chumba kwa usiku kutegemea daraja la hoteli. Wa pili ni umri wa watoto. Kwa ndege, mtoto wa chini ya miaka 2 asiye na kiti hulipa sehemu ndogo tu ya nauli, na kuanzia miaka 12 huhesabiwa mtu mzima. Mtoto anayetimiza miaka 12 kabla ya tarehe ya kurudi anaweza kubadili hesabu, na siku ya kuzaliwa ni bora iangaliwe kabla ya tarehe kuchaguliwa.

4. KUWEKA AKIBA

Shilingi 14,229,000 zikigawanywa kwa miezi 18 ni 790,500 kwa mwezi. Kiasi hicho kikiwa kizito, kuna njia tatu za kukipunguza: kuongeza miezi, kupunguza usiku, au kushuka ngazi. Kukopa si mojawapo, kwa kuwa burudani haizalishi fedha ya kurudisha mkopo.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Fedha ya safari itengwe na fedha ya matumizi tangu siku ya kwanza. Kibubu cha nyumbani huvunjwa usiku wa dharura ndogo. Akaunti ya pekee benki au SACCOS huvumilia zaidi.

2. Akiba ya muda mrefu inaweza kuwekwa mahali inapokua huku ikipatikana kwa siku chache, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS.

3. Anayecheza mchezo wa kijumbe au yuko VICOBA aombe zamu yake iangukie mwezi wa kulipia nauli. Zamu ikiangukia mapema mno, fedha huliwa na mambo mengine.

4. Kila robo mwaka hesabu irudiwe kwa kiwango kipya cha dola. Shilingi ikishuka, mchango wa mwezi upande mara moja, usisubiri mwisho.

5. KUPATA HATI

Hati zianze miezi sita hadi minane kabla ya safari. Sababu ni kwamba kila hati hutegemea nyingine, na kosa la chini hupanda hadi juu.

Hatua ya 1: vyeti vya kuzaliwa. Kila msafiri awe na cheti cha RITA. Kadi ya kliniki si cheti. Majina yasomwe herufi kwa herufi kati ya cheti, kitambulisho cha NIDA cha mzazi na hati za shule. Elibariki kwenye cheti cha mtoto na Elibarick kwenye kitambulisho cha baba ni majina mawili mbele ya ofisa. Marekebisho yafanywe hapa, kabla ya ombi la pasipoti.

Hatua ya 2: pasipoti. Ombi la pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha mwombaji hupeleka fomu na viambatisho ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Mtoto wa chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya wazazi au mlezi. Pasipoti iliyopo iwe na angalau miezi sita mbele ya tarehe ya safari. Iwe pia na majina mawili au zaidi: tangu Novemba 2022 Falme za Kiarabu hazipokei msafiri wa utalii ambaye pasipoti yake ina jina moja tu.

Hatua ya 3: chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Familia inayopita Nairobi isikose cheti hiki, kwa kuwa kinaweza kudaiwa wakati wa kurudi Tanzania.

Hatua ya 4: ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Mtoto anapoondoka na mzazi mmoja, shangazi au bibi, barua ya ridhaa iliyoshuhudiwa na wakili iambatane na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Barua hiyo humaliza maswali ya dirishani.

Hatua ya 5: viza. Viza ya utalii huombwa kwa siku 30 au 60. Kinachohitajika kwa kawaida ni nakala ya pasipoti, picha yenye mandhari nyeupe na tarehe za safari. Viza ikitoka, ihakikiwe kwenye tovuti ya mamlaka ya uhamiaji ya huko kwa namba yake. Tarehe ya mwisho iandikwe mahali pa wazi, kwani kuzidisha muda hutozwa faini ya dirhamu 50 kwa kila siku.

KISANDUKU 2: WAKALA WA KUAMINIKA

- Ana ofisi inayofikika, si namba ya WhatsApp pekee.
- Ana leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani.
- Hutoa risiti ya EFD kwa kila malipo.
- Hutoza kwa shilingi. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza huduma za ndani ya nchi kutozwa kwa fedha za kigeni.
- Huandika wazi kipi kinarudishwa viza ikikataliwa.
- Hukabidhi namba ya uthibitisho ya ndege, ambayo familia inaweza kuihakiki yenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege.

6. MPANGILIO WA MALIPO

1. Vyeti na pasipoti (miezi 6 hadi 8 kabla).

2. Nafasi ya ndege na hoteli isiyolipiwa au inayofutika bila adhabu (miezi 3 kabla).

3. Viza. Wakala au hoteli inaweza kuiombea familia kabla ya tiketi kulipwa. Mashirika ya ndege yanayoomba viza huhudumia wenye tiketi zao; kwa njia hiyo inunuliwe tiketi yenye masharti ya kurejeshewa fedha, na gharama ya ziada ihesabiwe kama bima.

4. Nauli, siku ileile viza za wote zinapokamilika. Viza tatu kati ya nne si ruhusa ya kulipa.

5. Bima ya safari inayogharamia matibabu. Hospitali za Dubai ni ghali kwa mgeni, na mtoto kuvunjika mkono kwenye mtelezo wa maji si jambo la ajabu.

6. Hoteli.

7. Tiketi za bustani, kwenye tovuti ya bustani yenyewe, wiki moja hadi mbili kabla. Bei ya mtandaoni kwa kawaida ni nafuu kuliko ya getini.

7. KUCHAGUA BUSTANI

Bustani huchaguliwa kwa kimo cha watoto kabla ya jina. Kila mchezo wa kasi una alama ya kimo cha chini, mara nyingi kati ya sentimita 100 na 140, na mhudumu hupima kwa fimbo mlangoni bila kujali machozi. Watoto wapimwe nyumbani wakiwa peku, kisha orodha ya michezo ya kila bustani isomwe mtandaoni na kuhesabiwa ni mingapi kila mtoto anaruhusiwa. Mtoto anayeruhusiwa michezo minne kati ya ishirini amelipiwa tiketi ya kutazama wenzake.

KISANDUKU 3: BUSTANI KUU

Dubai
- IMG Worlds of Adventure, iliyofunguliwa Agosti 2016: yote iko ndani ya jengo, inafaa Juni.
- Legoland Dubai, ya mwaka huohuo: imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, ina bustani ya maji kando yake.
- Motiongate: ya sinema na katuni, inafaa zaidi watoto wakubwa.
- Aquaventure, kisiwa cha Palm: ya maji, ya wazi.

Abu Dhabi, kisiwa cha Yas
- Ferrari World, iliyofunguliwa 2010: ina Formula Rossa, treni ya kuporomoka inayofikia kilomita 240 kwa saa, inafaa vijana na watu wazima.
- Yas Waterworld, 2013: ya maji.
- Warner Bros. World, 2018: ndani ya jengo, inafaa mchanganyiko wa umri.
- SeaWorld, 2023: viumbe wa baharini, inafaa hata wasiopenda kasi.

Kwa familia ya watoto wa miaka 11 na 6, uwiano mzuri ni bustani mbili katika siku tano, na siku moja ya kupumzika kati yake. Siku tatu mfululizo za bustani huishia kwa mtoto mdogo kulala mabegani saa tisa alasiri, tiketi ikiwa imelipiwa hadi usiku. Bustani za kisiwa cha Yas ziko karibu karibu na huuza tiketi za pamoja. Tiketi hizo zinafaa tu iwapo familia italala Abu Dhabi. Kwa anayelala Deira, mjini Dubai, safari ya kwenda na kurudi hula saa mbili au zaidi za siku.

Tiketi ya kuruka foleni inunuliwe msimu wa msongamano pekee. Siku ya Jumanne mwanzoni mwa Desemba mara nyingi haina kazi.

8. NJIA NA MALAZI

Kutoka Themi hadi KIA ni kama kilomita 50 kwa njia ya Tengeru na Usa River hadi njia panda ya KIA. Ndege ya kimataifa hudai abiria afike saa tatu kabla, na foleni ya magari ya asubuhi kutoka mjini iongezewe muda wake. Kutoka KIA, Ethiopian Airlines hupitia Addis Ababa na Qatar Airways hupitia Doha. Njia mbadala ni mbili: Dar es Salaam, ambako Emirates huruka moja kwa moja hadi Dubai, au Nairobi kwa basi dogo kupitia Namanga.

Nauli ya Nairobi mara nyingi huonekana rahisi zaidi. Kabla ya kuishangilia, yaongezwe haya: basi la watu wanne kwenda na kurudi, teksi hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, chakula cha njiani, na pengine usiku mmoja wa hoteli, kwa kuwa Arusha hadi Nairobi ni kama kilomita 270 na mpaka una foleni yake. Tofauti ikibaki ndogo, KIA ndiyo njia, hasa kwa mwenye mtoto mdogo.

Malazi yachaguliwe kwa ukaribu wa kituo cha metro. Deira imezoeleka na wafanyabiashara wa Kariakoo. Kuna vyumba nafuu, migahawa ya wali na kuku, na Kiswahili husikika madukani. Al Barsha iko katikati zaidi kwa anayekwenda pande zote mbili za mji. Metro ya Dubai hutumia kadi ya Nol, na mtoto wa chini ya miaka 5 au wa chini ya sentimita 90 hupanda bure. Kula na kunywa ndani ya treni hutozwa faini. Metro haifiki kwenye milango ya bustani kubwa, hivyo kipande cha mwisho huwa teksi au basi, na kihesabiwe. Kwenda Abu Dhabi yapo mabasi ya umma kutoka vituo vya Al Ghubaiba na Ibn Battuta.

9. SIKU YA BUSTANI

1. Kufika nusu saa kabla ya kufunguliwa, na kuanza na mchezo mkubwa ulio mbali zaidi na mlango. Umati huanzia karibu.

2. Kubeba sweta la kila mtoto hata Juni. Ndani ya majengo viyoyozi ni vikali kuliko asubuhi ya Julai mjini Arusha.

3. Kusoma masharti ya vyakula vya nje. Bustani nyingi huruhusu chupa ya maji na chakula cha mtoto mchanga tu. Kifungua kinywa kizito hotelini hupunguza mlo mmoja wa ndani.

4. Kumpa kila mtoto kiasi chake cha zawadi kabla ya kuingia, kwa dirhamu mkononi. Njia ya kutokea kwenye michezo mingi hupita dukani kwa makusudi.

5. Kuandika namba ya simu ya mzazi kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu isiyofutika, na kukubaliana mahali pa kukutana.

Mambo matatu ya nchi yazingatiwe. Dawa zenye kodeini au tramadoli hudhibitiwa vikali. Mwenye kuzitumia aombe kibali mapema na kubeba cheti cha daktari. Kupiga picha watu bila ridhaa yao, hasa wanawake, ni kosa. Simu za sauti na video za WhatsApp hazipigiki kule, ingawa ujumbe hupita. Bibi aliyebaki Njiro aambiwe mapema asije akadhani kuna jambo.

10. MAKOSA YA KAWAIDA

- Kulipia ofa isiyorudishwa kabla ya viza kutoka.
- Kuhesabu tiketi za bustani na kusahau chakula cha ndani yake.
- Kutegemea kadi moja ya benki, tena isiyofunguliwa matumizi ya nje ya nchi. Benki itaarifiwe, na kadi ya pili iwe kwa mzazi mwingine.
- Kubadilisha fedha kwa mtu wa mtaani. Fedha zibadilishwe benki au kwenye duka lenye leseni ya Benki Kuu, na risiti itunzwe.
- Kuandika majina kwenye tiketi tofauti na pasipoti.
- Kutangaza safari kwa watoto kabla ya viza. Kukataliwa kwake huwa msiba wa nyumba nzima.
- Kubeba kilo kamili kwenda na kusahau mizigo ya kurudi. Kilo za ziada uwanjani ni ghali kuliko vitu vyenyewe.

11. ORODHA YA KUKAGUA

Miezi 18 hadi 12 kabla
☐ Ukomo umewekwa, ada ya Januari imetengwa
☐ Akaunti ya safari imefunguliwa

Miezi 8 hadi 6 kabla
☐ Vyeti vya RITA na majina vimehakikiwa
☐ Maombi ya pasipoti yamepelekwa
☐ Likizo ya kazini imeombwa

Miezi 3 kabla
☐ Hesabu imerudiwa kwa kiwango cha dola cha siku
☐ Nafasi za ndege na hoteli zimewekwa bila kulipwa
☐ Nyaraka za maombi ya viza zimekusanywa
☐ Chanjo imepatikana

Wiki 2 kabla
☐ Viza zimetoka; nauli, bima na hoteli vimelipwa
☐ Watoto wamepimwa kimo, tiketi za bustani zimenunuliwa
☐ Benki imearifiwa, dirhamu za siku ya kwanza zipo

Siku moja kabla
☐ Pasipoti, viza zilizochapwa, vyeti vya chanjo na barua ya ridhaa viko kwenye begi la mkononi
☐ Nakala za hati zote zimetumwa kwa ndugu aliyebaki
☐ Gari la KIA limethibitishwa
☐ Saa itasogezwa mbele kwa saa moja baada ya kutua. Soketi za umeme ni za pini tatu kama za nyumbani

Baada ya kurudi
☐ Matumizi halisi yameandikwa kando ya makadirio, mstari kwa mstari
☐ Kilichobaki kwenye akiba ya dharura kimerudishwa kwenye akaunti, na si kwenye matumizi ya mwezi